Ua wa George Inn na Mteremko wa Sachangwan

Msafiri atokaye Mau Summit kwenda Nakuru wakati wa jioni hushuka mteremko mrefu. Hupita Kibunja, mahali ambapo barabara ya Molo huungana na barabara kuu, kisha Sachangwan, kisha Migaa, na baridi ya milima ya Mau humwacha kidogo kidogo kadiri barabara inavyoinama. Afikapo Salgaa huona taa nyingi kando ya njia, na malori yamesimama safu kwa safu. Baadhi yametoka Mombasa, yanakwenda Uganda, Rwanda, Kongo ya mashariki au Sudan Kusini. Mengine yanarudi kutoka huko. Dereva huteremka, hunyosha miguu, huagiza chai au ugali na nyama, kisha hutafuta chumba cha bei nafuu. Akiwa na shaka juu ya mzigo wake, hulala ndani ya lori.

Wako wanaodhani kwamba miji ya namna hii ni jambo jipya lililoletwa na lami. Sivyo. Mahali pa kupumzikia njiani ni jambo la kale, na huko Uingereza palikuwa na majengo yake maalumu, yaliyojengwa kwa akili nyingi. Majengo hayo yastahili kuelezwa kwa watu wa barabara ya Sachangwan, maana mafundi wake walikuwa wamekwisha fumbua mambo fulani ambayo huku yangali yanasumbua.

Kielelezo kizuri ni nyumba iitwayo George Inn, iliyoko Southwark, upande wa kusini wa mto Thames, karibu na Daraja la London. Kwa karne nyingi daraja hilo lilikuwa la pekee mjini humo, na milango yake ilifungwa usiku. Msafiri wa kusini aliyechelewa hakuwa na la kufanya ila kulala upande wa Southwark, na kwa hiyo nyumba za wageni zilisongamana pale kama vibanda vya chai vinavyosongamana penye njia panda. George Inn imo katika ramani iliyochorwa yapata mwaka 1543. Mwaka 1676 moto mkubwa uliunguza sehemu kubwa ya Southwark, nayo ikateketea. Mwaka uliofuata, 1677, ikajengwa upya juu ya msingi ule ule.

Mtu aliyesimama barabarani hakuiona nyumba yenyewe. Aliona lango tu. Akipita langoni alijikuta katika ua mrefu uliotandikwa mawe, uliozungukwa na majengo ya ghorofa. Karibu na lango palikuwa na vyumba vya kulia na vya kunywea. Nyuma kabisa palikuwa na mabanda ya farasi, ghala za majani makavu na nafaka, na mahali pa kuwekea magari. Kila ghorofa ilikuwa na roshani ndefu ya mbao, na milango ya vyumba ilifunguka kwenye roshani hiyo. Msafiri alipotoka chumbani asubuhi aliegemea mbao za roshani, akatazama chini uani, akajua mara moja kama farasi wamekwisha fungwa na kama sanduku lake limepakiwa. Katika nyua za namna hii wachezaji wa michezo ya kuigiza walionyesha kazi yao kabla majumba ya michezo hayajajengwa London: wao wakicheza chini, watazamaji wakijaa roshani.

Jambo kubwa katika ramani hiyo si roshani, ingawa wageni wa siku hizi hupiga picha roshani tu. Jambo kubwa ni ua. Ndani ya lango moja mlikuwa na mnyama, mzigo, gari na mtu, na usiku lango lilipofungwa vyote vinne vililala salama. Mwenye nyumba hakujenga vyumba vya kulala kisha akawaambia wageni watafute penyewe pa kuweka farasi zao. Alianza na farasi.

Sababu yake ni rahisi. Farasi wanne wanaovuta gari zito kwa mbio huchoka baada ya maili 10 hivi. Hapo hapana budi wafunguliwe, wapate maji na chakula na kupumzika, na wengine wafungwe mahali pao. Kwa hiyo barabara kuu za Uingereza zilipandwa nyumba hizi kila baada ya maili chache. Tarehe 2 Agosti 1784 Bwana John Palmer, mtu wa Bath, alianzisha gari la kwanza la posta la namna mpya. Liliondoka Bristol saa kumi alasiri likafika London saa mbili asubuhi, mwendo wa saa 16, na watu wakastaajabu. Baada ya miaka 50 barabara zilikuwa zimetengenezwa vizuri zaidi, na magari ya posta yalikwenda maili 10 kwa saa. Mlinzi wa gari alipiga baragumu kabla ya kufika, na masaisi wakatoka mbio uani na farasi wapya. Katika nyumba zilizo hodari kazi ya kubadili farasi ilichukua dakika mbili au pungufu. Katika nyumba ya Bull and Mouth ya London mabanda yalichimbwa chini ya ardhi, na farasi kiasi cha 400 waliweza kukaa humo.

Naye mwendeshaji hakuachwa aendelee mpaka asinzie. Aliendesha sehemu yake, akafika kwenye nyumba iliyowekwa, akamkabidhi mwenzake hatamu. Penye mteremko mkali gari lilisimamishwa kwanza, na kiatu cha chuma kikawekwa chini ya gurudumu la nyuma ili kulizuia lisizunguke. Gari likashuka likiburura. Jambo hilo lilichelewesha safari, na abiria walinung'unika, lakini mwendeshaji aliyepuuza kiatu hicho alijua kwamba gari lingewapanda farasi migongoni.

Wasomaji wasidhani kwamba raha ilikuwa kwa wote. Abiria waliokaa ndani walilipa zaidi. Waliokaa juu ya paa walinyeshewa mvua na kuganda kwa baridi, na gari lilipopita chini ya lango fupi hawakuwa na budi kuinamisha vichwa. Ndani ya nyumba nako, matajiri walikula katika chumba chao na masaisi wakala jikoni. Walikuwako pia wenye nyumba waliosemwa kwamba huleta mchuzi ukiwa wa moto kupita kiasi, ili baragumu lilie kabla abiria hawajaweza kuumaliza. Abiria wa basi la usiku aliyewahi kulipia sahani nzima akala nusu yake ataelewa habari hii bila kuelezwa zaidi.

Kuna na kisa kimoja cha Winterslow, karibu na Salisbury, ambacho watu wa Bonde la Ufa watakipokea kwa tabasamu. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1816, gari la posta kutoka Exeter lilikuwa likiikaribia nyumba ya wageni ya huko, mara simba jike akamrukia farasi mmojawapo. Alikuwa ametoroka katika msafara wa maonyesho ya wanyama. Abiria walikimbilia ndani wakafunga mlango, na husemekana kwamba mwenzao mmoja walimwacha nje. Mwenye simba alifika na watu wake wakamkamata mnyama akali hai, amejificha chini ya ghala ya nafaka. Huenda ndiyo nyumba pekee ya wageni Uingereza iliyopata kufunga mlango kwa ajili ya simba.

Majina ya nyumba hizi nayo yana historia. Watu wengi hawakujua kusoma, na kwa hiyo nyumba ilitambulikana kwa picha iliyoning'inizwa mbele yake: kengele, simba mwekundu, paa mweupe, taji. Mwaka 1393 Mfalme Richard wa Pili aliamuru kwamba wauzaji wa pombe waweke alama mbele ya nyumba zao. Hiyo ndiyo asili ya desturi ambayo baadaye ilivuka bahari. Wakati wa ukoloni Naivasha ilikuwa na Bell Inn, yaani nyumba ya kengele, na Nakuru ilikuwa na Stag's Head, yaani kichwa cha kulungu. Walowezi walileta majina na picha, wakaleta na moto wa kuni chumbani na kiti cha kuegemea. Ua hawakuuleta, na sababu yake itaonekana.

Huko kwao nyumba za magari ya farasi zilikuwa zimekwisha uawa na reli. Mwaka 1830 reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa. Mwaka 1838 treni ikafika Birmingham kutoka London. Kufikia mwaka 1846 magari ya posta yaliyoanzia London yalikuwa yamekwisha. Masaisi walikosa kazi, mabanda yakageuzwa ghala, na majani yakaota katikati ya mawe ya nyua. George Inn yenyewe iliangukia mikononi mwa kampuni ya reli ya Great Northern, iliyoitumia kama ghala. Mwaka 1889 kampuni hiyo ilibomoa sehemu mbili za jengo, ukabaki upande mmoja tu, ule wa kusini. Upande huo ungalipo. Mwaka 1937 ulikabidhiwa chama cha kuhifadhi mambo ya kale kiitwacho National Trust, na katika London nzima hakuna nyumba nyingine ya wageni iliyobaki na roshani za namna ile. Watu wa Mariakani na Mtito Andei wanaweza kuwahurumia masaisi wale, maana mwaka 2019 serikali ya Kenya ilipoamuru kwamba makasha ya bandarini yasafirishwe kwa reli mpya, wenye vyumba na vibanda vya chakula katika miji hiyo walilia sana. Amri hiyo iliondolewa mwaka 2022.

Sasa habari za huku. Farasi hakupata kuwa mnyama wa safari katika Afrika ya Mashariki, kwa sababu mbung'o na maradhi ya farasi yalimmaliza upesi. Msafara ulikwenda kwa miguu, nao mtu habadilishwi kila maili 10. Wapagazi walipofika penye maji walitua mizigo, wakakata miiba, wakazungushia kambi yao, wakawasha moto. Hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba ya wageni, na asubuhi iliachwa nyuma. Jina la Kampi ya Moto, kaskazini-magharibi ya Nakuru, lingali linataja kambi hata leo. Mwaka 1895 Kapteni Bertram Sclater alianza kutengeneza njia ya magari ya maksai kutoka Kibwezi kwenda Busia, na kituo cha serikali cha Eldama Ravine kilikuwa mahali pa kupatia chakula kabla ya kupanda milima.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwishoni mwa mwaka 1901 ikafika ziwani. Treni za kwanza hazikuwa na behewa la kulia. Zilisimama katika vituo kama Voi na Makindu, abiria wakashuka na kuingia katika nyumba iliyoitwa daki bangalo, wakala, wakarudi garini. Neno daki ni la Kihindi, na maana yake ni posta, hasa ile posta ya kupokezana, mpanda farasi mmoja akimkabidhi mwenzake mfuko. Kwa hiyo fikira ile ile ya Bwana Palmer ilifika Voi kwa kupitia Bara Hindi. Daki bangalo ilikuwa na baraza na paa la mabati, lakini haikuwa na ua, kwa kuwa farasi wake alikuwa wa chuma na alinywa maji kwenye tangi la kituo.

Baadaye palikuja magari ya maksai ya Makaburu. Kabla reli haijafika Eldoret mwaka 1924, mizigo ya nyanda za Uasin Gishu ilishushwa Londiani, ikavutwa maili 60 hivi katika matope, maksai kumi na zaidi wakifungwa katika gari moja. Maksai hahitaji banda wala nafaka. Hufunguliwa nira, akala majani ya Mungu, na mwenye gari akalala chini ya gari lake. Pale pa kufungulia nira Makaburu walipaita kwa neno ambalo Waingereza walilifanya outspan, na mwaka 1928 hoteli mashuhuri ya Nyeri ilifunguliwa kwa jina hilo, ingawa wageni wake walikuja kwa motokaa.

Hapo basi ndipo penye jibu la swali la ua. Kila nyumba ya njiani hufuata umbo la kile kinachomvuta msafiri. Farasi alidai ua. Maksai alidai uwanja wa majani. Treni ilidai jukwaa la kituo na meza ya chakula. Hoteli ya Norfolk ilipofunguliwa Nairobi siku ya Krismasi mwaka 1904, walowezi bado walifika wamepanda farasi, na mabanda yalikuwapo. Miaka michache baadaye motokaa ilikuja, na motokaa ya mlowezi iliweza kusimama popote mbele ya baraza. Mwafrika aliyeiendesha hakuwa mgeni wa hoteli hizo. Alikula nyuma, au alikwenda kutafuta chai na maandazi mahali pengine, na labda ndiyo sababu neno hoteli katika vinywa vya watu wa Kenya hata leo laweza kuwa na maana ya kibanda chenye benchi mbili na birika.

Kisha likaja lori lenye tela, na hapa hesabu ilikosewa. Lori hili ni refu kuliko gari lolote la posta, mzigo wake ni mali nyingi, na mvutaji wake halisi si injini bali dereva. Injini haichoki, dereva huchoka. Hata hivyo miji iliyoota kwa ajili yake, Salgaa ikiwamo, ilijengewa vyumba kwanza, na lori likaachiwa ukingo wa barabara. Ndipo lilipobaki usiku kucha, mkia wake ukikaribia njia ya wengine, na dereva akalala nusu usingizi akisikiliza kama turubali linakatwa.

Dereva wa namna hiyo akianza safari alfajiri akiwa hajalala vema, mteremko wa Sachangwan humkuta akiwa amechoka. Wako wanaoondoa gia ili lori lishuke lenyewe na dizeli isitumike. Mizigo husukuma, breki hupata moto, na breki iliyopata moto haishiki. Kiatu cha chuma cha wale wa zamani kilikuwa jibu la jambo hili hili. Barabara hii imezika watu wengi mno. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachangwan. Watu walikusanyika na ndoo na madebe kuteka mafuta, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa, wengine wao wakizikwa pamoja kwa kuwa hawakuweza kutambulikana. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, wakafa watu 36. Baada ya hapo, katika mwaka 2018, pande mbili za barabara kati ya Sachangwan na Salgaa zilitenganishwa kwa ukuta wa zege, ili gari lililoshindwa na mteremko lisivuke kuwaangukia wanaopanda. Ukuta huo ni kazi njema, lakini haumpi dereva usingizi.

Nchi zinazotumia njia hii kutoka Mombasa zina mamlaka yao ya pamoja ya kuratibu uchukuzi wa Ushoroba wa Kaskazini, nayo imekuwa ikihimiza kwamba vituo vya kupumzikia vijengwe kando ya barabara kuu. Mambo yanayotakiwa katika kituo cha namna hiyo ni machache: njia ya kuingilia iliyo mbali na barabara, uwanja wenye taa na mlinzi ambamo malori huegeshwa, vyumba vya kulala vilivyo karibu na uwanja huo, chakula, maji ya kuoga, zahanati na fundi wa magari. Fundi aliyeijenga upya George Inn mwaka 1677 asingeuliza maswali mengi juu ya ramani hiyo. Labda angeuliza tu lango litafungwa saa ngapi.

Uwanja kama huo si mali ya bure, na mwenye kiwanja kando ya lami hupata faida ya haraka zaidi akijenga vyumba ishirini kuliko akiacha ekari tatu wazi kwa magurudumu. Wenye nyumba wa Southwark waliziacha wazi nyua zao kwa sababu bila ua hakuna gari la posta ambalo lingeingia kwao, na mwenye nyumba jirani angewachukua wageni. Dereva wa Salgaa hana uchaguzi wa namna hiyo. Saa kumi na moja alfajiri, ukungu ukiwa bado uko juu Migaa, hutoka chumbani na tochi, akalizunguka lori lake, akagonga magurudumu moja moja kusikiliza upepo, akatazama kamba na kufuli, kisha akapanda na kuwasha injini, iachwe inguruma kidogo kabla ya kuukabili mlima.